Nusu ya Kuongeza

"Soma tena," Sikio alimwambia daktari wa mifugo, mwenye gari, macho yake yakiwa barabarani.

Daktari akainama mpaka paji la uso likagusa kioo. Nje, chini ya wipa, geji ya presha ya mafuta ilikuwa imebanwa kwa utepe mweusi, na mpira wake ulipita ubavuni mwa boneti kwenda kwenye injini. Ilikuwa geji ya zamani, uso wake mweupe umegeuka rangi ya chai, na kuisoma ndani ya gari linalotikisika kulitaka subira. Daktari alikuwa nayo. Mtu aliyezoea kuingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe hawezi kukosa subira.

"Mbili nukta nane," akasema. "Tatu. Tatu nukta mbili. Imesimama hapo."

"Ongeza nusu."

"Kwa nini niongeze?"

"Geji yetu inasoma chini kwa nusu. Ilianguka zamani. Ikikwambia tatu nukta mbili, ujue ni tatu nukta saba, na tatu nukta saba ndiyo inayotakiwa turbo ikiipulizia injini hewa."

Daktari alitaka kujua kwa nini wasiitengeneze. Sikio akamjibu kwamba wameizoea, na kabla hajamaliza kulitamka neno hilo gari likakohoa. Likakohoa tena, likajikaza, likaanza kusitasita kama mtu aliyebeba gunia asilolimudu. Ilikuwa pale pale, penye tangi la maji la rangi ya kijivu, mahali ambapo lilikohoa wiki iliyopita na wiki iliyotangulia hiyo. Sikio alitoa mguu kwenye mafuta. Lori la mchanga lililokuwa nyuma yao likawapita likinguruma, na dereva wake akawapungia mkono kwa huruma. Huruma ya dereva wa lori la mchanga ni kitu kigumu kukimeza asubuhi.

Alisogeza gari pembeni, akazima. Kwenye kiti cha nyuma, sanduku la barafu lenye chupa za chanjo liligonga mlango mara moja, likatulia.

"Ng'ombe naye haniambii anaumwa wapi," daktari alisema taratibu, akijifuta paji la uso. "Lakini nikimpima homa, kipimo na ng'ombe wanakubaliana. Hapa kipimo kinasema mzima, na mgonjwa anakohoa."

Hakusema kwa ubaya. Angekuwa mtu wa kufoka ingekuwa rahisi, maana mteja anayefoka unaweza kumfokea na wewe moyoni. Huyu wiki iliyopita alitembea kilomita mbili za mwisho na sanduku begani, akafika, akachanja ndama wa watu, akarudi kwa miguu, kisha akaja gereji na kusema habari za mchana. Sikio aligeuza gari, akalishusha mlima polepole. Gari likateremka bila hata kigugumizi, maana kwenye mteremko na kwenye tambarare halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linaumwa turbo ilipoamka tu.

Jina la Sikio alipewa na mafundi wenzake, nusu kwa utani na nusu kwa heshima. Kila injini iliyofika mbele yake aliigusa kwanza kwa ncha ya bisibisi ndefu, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Alisikia vali iliyolegea, alisikia pampu inayochoka, na safari moja alisikia panya aliyejenga ndani ya kisanduku cha hewa, jambo ambalo mafundi hawakuacha kulisimulia. Lakini kabla ya kuwa Sikio alikuwa mtu wa dirishani. Miaka minane alikaa kwenye dirisha la vipuri la gereji hiyo hiyo, akiwapa wanaume filta na mikanda, akiwasikiliza wakieleza ugonjwa wa gari, akijua kabla hawajamaliza kwamba kipuri wanachonunua sicho. Alimeza maneno yake miaka yote minane. Mwaka wa tisa baba yake, aliyeianzisha gereji, alimtoa dirishani, akampa ovaroli yake mwenyewe iliyokatwa mikono, na tangu hapo ilikuwa miaka mitatu.

Sasa gereji ilikuwa chini ya kaka yake. Kaka alikuwa fundi mzuri kabla hajapata meza. Baada ya kupata meza, mafundi walimwita Meneja, naye akaupenda utani ule kiasi cha kuanza kuamini kwamba haukuwa utani.

Meneja alikuwa amesimama langoni walipofika. Alimtazama daktari, akamtazama dada yake, akatazama utepe mweusi kwenye kioo, ikatosha. Alimwomba daktari radhi kwa maneno mengi mazuri, akamwambia apitie saa kumi alasiri, gari litakuwa tayari. Daktari akasema sawa, akachukua sanduku lake, akatafuta usafiri mwingine. Alipopotea kwenye kona ndipo Meneja alipofungua mdomo.

"Mara ya tatu, mdogo wangu."

"Naijua hesabu, kaka."

"Umebadilisha filta. Umebadilisha pampu. Umesafisha nozeli. Kila ukimaliza unaniambia kila kitu kiko sawa, na kila nikiamini naaibika. Sasa nisikilize. Likirudi mara ya nne, nalipeleka kule kwa wenzetu wenye kompyuta, na wewe unarudi dirishani."

Alilisema kwa sauti ya chini, na ndiyo maana Sikio alijua kwamba anamaanisha. Meneja akiwa anatania hupiga kelele. Mafundi wawili waliokuwa chini ya basi dogo waliacha kugonga, wakaona haya, wakaanza kugonga tena.

Sikio alifungua boneti, akasimama mbele ya injini, akashika kiuno. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Angekosea angejua amekosea wapi. Kinachotia wazimu ni kufanya kila kitu kama inavyotakiwa, kwa mikono safi na kichwa kilichotulia, halafu kitu kikakucheka.

Alianza upya, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni kwa mara ya tano. Alikagua mipira ya hewa kutoka kwenye turbo, kiungo kwa kiungo, akiipaka maji ya sabuni na kutazama kama yatatoa mapovu. Hayakutoa. Akapima umeme unaofika kwenye pampu, ulikuwa kamili. Akachomoa bomba linalorudisha petroli kwenye tangi, akaliingiza kwenye chupa, akaiacha pampu ifanye kazi kwa nusu dakika akihesabu kwa mdomo. Petroli ikajaa zaidi ya alama. Pampu ilikuwa na nguvu za ziada. Akageukia regulata, kile kifaa cha duara kinachoshikilia presha ya petroli isizidi wala isipungue. Ya zamani ilikufa, na yeye ndiye aliyefunga hii mpya, ya kurekebishwa kwa bolti ya juu, mwezi uliopita. Kutoka hapo ndipo taabu zote zilipoanzia. Mpira wake mwembamba, unaoiambia regulata turbo inapuliza kiasi gani, aliupuliza kwa kinywa chake mpaka macho yakatoka. Haukuwa na tundu.

"Mama," baba yake aliita kutoka kwenye kiti.

Kiti cha mzee kilikuwa cha kukunja, cha turubai ya michirizi ya kijani, na kilikaa kati ya jiliwa la kubania vyuma na ukuta, mahali penye kivuli asubuhi. Hapo ndipo alipokaa tangu mwaka juzi. Mwaka juzi alifunga gurudumu la gari la mteja akaacha nati nne bila kuzikaza. Mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka na kichwa, siku hiyo, kilikuwa mahali pengine. Gurudumu lilichomoka kwenye njia ya vumbi, gari likalala shambani, na ni kwa bahati tu hakuna aliyeumia. Meneja hakumgombeza baba yake. Aliweka sharti moja: mzee aje kila siku, akae na watu, anywe chai, lakini asiguse kifaa hata kimoja. Siku atakayogusa, kiti kinarudi nyumbani na yeye anarudi nacho. Sharti lilikuwa la haki, na mzee alilikubali huku akitazama pembeni.

"Mama, geji umeiangalia vizuri?"

"Nimeiangalia, baba."

Akaichukua geji pale ilipokuwa bado imefungwa kwenye kioo, akabandua utepe, akaisogeza karibu na injini bila kuchomoa mpira wake. Akawasha. Akachomoa ule mpira mwembamba wa regulata na kuuziba kwa bolti, maana ukiweka presha bila kuuchomoa unajidanganya mwenyewe. Mshale ulisimama mbili na nusu, yaani tatu. Kitabu cha gari kilitaka tatu. Alilegeza nati, akaizungusha bolti kidogo kushoto, akaizungusha kulia, mshale ukacheza na kurudi pale pale, mbili na nusu, yaani tatu. Akachukua bisibisi ndefu, akaiweka kwenye nozeli ya kwanza ya kunyunyiza petroli, mpini sikioni.

Injini ilikuwa na kiu. Alisikia wazi, tiki kavu, nyembamba, kama ya mtu anayemeza mate. Alihamia nozeli ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa na kiu. Akafumbua macho, akatazama geji. Tatu.

Alikuwa amelisikia jambo hilo tangu siku ya kwanza, na kila mara alijiambia kwamba sikio linachoka, kwamba geji ni chuma na sikio ni nyama. Sasa alitamani kuirusha ile bisibisi juu ya paa.

"Geji umeiona, lakini?" mzee akauliza tena. "Umeitazama yenyewe?"

"Nimeitazama, baba."

"Nasema kuitazama hasa."

"Baba." Aligeuka, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Niache nifanye kazi. Kazi yako wewe ni kukaa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama aliyeambiwa saa. Akaificha mikono yake katikati ya magoti, mahali alipozoea kuificha, na akatazama barabarani. Sikio alitamani kulirudisha lile neno, lakini neno lilikwisha kutoka na yeye hakuwa na nguvu ya kulikimbiza. Alizima injini, akatoa presha, akaichomoa geji huku petroli ikimdondokea viganjani.

Kwa kawaida geji ilikuwa na desturi yake. Ikichomolewa tu, inaingizwa kwenye mfuko wake wa kitambaa ikiwa bado inadondosha, mfuko unafungwa kamba, unatundikwa msumarini. Ikitakiwa tena, inatolewa mfukoni na kufungwa moja kwa moja kwenye injini. Siku hiyo Sikio hakuwa na habari na desturi. Aliirusha juu ya meza ya kazi. Geji ikadunda, ikaviringika kwa ukingo wake kama sarafu, ikauelekea mwisho wa meza.

Mzee aliruka. Sikio hakujua kwamba baba yake bado anaweza kuruka. Alitoka kitini kama aliyemwagiwa maji, akaidaka geji kwa kifua na mikono yote miwili, akabaki ameikumbatia, akihema. Kisha akaisogeza mpaka karibu na pua, maana macho yake hayakuona tena mbali, akafuta kioo chake kwa upindo wa shati, akatazama kwa muda mrefu.

"Haijasogea," akasema kwa sauti ya mtu aliyepona.

"Nini haijasogea?"

Mzee alijua amesema zaidi ya alichotaka. Sikio akanyoosha mkono, akaichukua geji, akaitazama.

Mshale ulikuwa umesimama kwenye sifuri.

Miaka mitano mshale ule, geji ikiwa haijafungwa popote, ulikuwa unalala chini ya sifuri, umejikunja kwenye kona kama mtu aliyepewa kitanda kifupi. Ndiyo ile nusu. Ndiyo nusu ambayo kila fundi wa gereji ile aliijua, aliyofundishwa siku ya kwanza baada ya kuonyeshwa choo kilipo: usisahau kuongeza nusu. Na sasa mshale umenyooka, umetulia juu ya mstari mweusi wa sifuri kana kwamba haujawahi kukaa kwingine.

"Baba," alisema. "Nani ameigusa?"

Mzee alitazama mlango wa ofisi. Ulikuwa umefungwa, na Meneja alikuwa anazungumza na simu kwa sauti yake ya meza. Ndipo akaeleza, kwa kunong'ona, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mwezi uliopita, jioni moja, aliutia ule mfuko ndani ya koti akaenda nao nyumbani. Ile nusu ilikuwa imemkera miaka yote mitano. Alifungua kioo kwa kisu cha mezani. Aliung'oa mshale kwa vijiko viwili vya chai, kimoja huku na kimoja huku, akiinua taratibu. Kuurudisha ndiko kulikomtesa, kwa sababu mkono ulikataa kutulia. Alikaa nao siku tatu, mchana kutwa, akijidai anaumwa mafua ili asije gereji, akijaribu na kukosa, mpaka akagundua kwamba akiuma kitambaa kwa meno na kuegemeza kiwiko kwenye ukuta mkono unatulia kwa muda wa kupumua mara mbili. Mara mbili zilitosha. Kisha akaenda kwa fundi baiskeli wa jirani, wakajaza mpira upepo na kulinganisha geji mbili, na zikasema kitu kimoja. Siku ya nne alifika gereji kabla ya watu wote, akautundika mfuko msumarini.

"Nilikuwa nasubiri useme," alisema. "Ulipoitumia mara ya kwanza nikasema sasa ataona. Hukusema kitu. Nikadhani umeona ukanifichia, kwa sababu ya kaka yako. Nikafurahi. Leo nimeona una taabu nikasema labda imelegea, ndiyo maana nikakuuliza."

"Sikuona, baba. Geji inatoka mfukoni inaingia kwenye injini. Siitazami ikiwa tupu. Hakuna anayeitazama."

Mzee alipepesa macho. Jambo lilikuwa linamfikia polepole, na Sikio aliliona likifika.

"Bado unaongeza?" akauliza.

"Bado naongeza."

Alirudi kwenye kiti chake kwa kukipapasa, akakaa. Sikio alibaki na geji mkononi. Mbili na nusu ilikuwa mbili na nusu. Mwezi mzima alikuwa anaibana ile injini koo, anaipa petroli pungufu kwa mkono wake mwenyewe, kisha anaihurumia kwa sikio lake. Kwenye tambarare gari lilijifidia. Mlimani, turbo ilipolisukumia hewa, petroli haikutosha na likakohoa, kama ambavyo lingekohoa gari lolote lenye akili. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na alikasirika kwamba hakuna hata kimoja kilichotoka. Alimkasirikia baba yake kwa muda wa kama dakika moja. Baada ya hapo akakumbuka vile vijiko viwili vya chai, akashindwa kuendelea.

Akachuchumaa mbele ya kiti. "Kaka atauliza ilikuwa nini," alisema. "Na kuna gari mbili nyingine nimeziweka kwa geji hii mwezi huu. Lazima zirudi. Siwezi kumwambia nimeota."

"Mwambie."

"Nikimwambia, kiti chako je?"

"Kiti changu nakijua mimi," mzee alisema. "Nimekutoa dirishani kwa mkono huu, sikurudishi kwa mkono huu huu. Mwambie."

Lakini Sikio alimfahamu kaka yake. Angemwambia hivi hivi, angejibiwa kwamba fundi makini angeona. Na jibu hilo lingekuwa na ukweli ndani yake, jambo ambalo lingemuuma zaidi. Akaifunga geji kwenye injini tena. Akalegeza bolti ya regulata mpaka presha ikavurugika, akawasha, akaacha mshale usimame mahali popote unapotaka. Kisha akaenda kugonga mlango wa ofisi.

"Kaka, nimeshindwa," alisema. "Njoo uiweke wewe, kwa mkono wako. Nataka nione ninapokosea."

Hakuna sentensi ambayo Meneja angeipenda zaidi ya hiyo. Alikuja akikunja mikono ya shati, taratibu, ili mafundi wote wapate nafasi ya kumwona akiikunja. Aliomba spana namba kumi bila kutazama nyuma. Alihakikisha mpira mwembamba umechomolewa na kuzibwa, akamsifu dada yake kwa hilo. Kisha akashika bolti, na kusema kweli mkono wake ulikuwa bado mzuri. Mshale ulipanda taratibu, haukurukaruka, ukafika mbili na nusu ukasimama. Akakaza nati.

"Mbili na nusu, yaani tatu," alisema. "Kazi ya dakika mbili."

"Una uhakika ni tatu?"

"Mdogo wangu, nimekuwa naongeza hiyo nusu tangu wewe uko dirishani."

Sikio alizima injini. Akatoa presha, akaichomoa geji, akaifuta, akaiweka katikati ya kiganja cha kaka yake kilichokuwa bado na majivuno. "Itazame ikiwa tupu," alisema.

Meneja aliitazama. Kwanza alitazama kama anayetafuta ufa kwenye kioo. Halafu uso ukaanza kubadilika, kuanzia kwenye nyusi ukishuka. Aliigonga geji kwa kucha. Mshale haukusogea. Alitazama gari, akatazama spana mkononi mwake, akaitazama geji tena, na Sikio alimwona akihesabu: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hii aliyoifanya yeye mwenyewe sasa hivi mbele ya watu.

"Nani?" akauliza.

Nyuma yake, kwenye kiti cha michirizi, mzee aliinua mkono juu kama mwanafunzi. Ulikuwa unatetemeka, na hakuuficha.

Meneja alimtazama baba yake kwa muda. Akamrudishia Sikio geji na spana, akasema kwa sauti iliyokauka, "Iweke."

Sikio aliweka presha tatu, tatu ya kweli, bila kuongeza kitu wala kupunguza. Aliporudisha mpira wa regulata mahali pake alichukua bisibisi ndefu, akaiweka kwenye nozeli ya kwanza, akafumba macho. Tiki ilikuwa nene, yenye maji ndani yake. Alikaa na mpini sikioni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa kumi daktari alifika akiwa na matope mpaka magotini. Walikwenda mlimani watatu, Sikio akiendesha, daktari kando yake, na Meneja kiti cha nyuma akiwa amelipakata sanduku la barafu. Turbo iliamka kwenye kona ya kwanza, ikapiga mluzi wake mwembamba, na Sikio akakanyaga mafuta mpaka chini. Tangi la maji la rangi ya kijivu likawajia, likawa kubwa, likabaki nyuma. Gari halikusema neno. Kileleni daktari alishusha pumzi ambayo huenda alikuwa ameibana tangu wiki iliyopita, akamuuliza Sikio kwa adabu kama yeye daktari anaweza sasa kuendesha mwenyewe, maana lilikuwa ni gari lake.

Waliporudi gereji Meneja aliingia ofisini, akaacha mlango wazi. Walimsikia akiwapigia wenye zile gari mbili, mmoja baada ya mwingine. Kwa wote wawili alisema kosa ni letu, na hakutafuta maneno mazuri. Alipotoka alimwambia Sikio kwamba zitakuja kesho asubuhi na kwamba atazipima yeye. Habari ya dirisha hakuitaja, na Sikio hakumkumbusha. Kwa baba yao alikuwa hajasema lolote.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka likaingia chini ya paa la bati, na mafundi walikuwa wananawa mikono. Kila siku saa hizo Meneja mwenyewe ndiye aliyekunja kiti cha mzee na kukiegemeza stoo, nyuma ya matairi, kabla ya kumpeleka baba yake nyumbani. Alifanya hivyo na leo. Alimsaidia mzee kuinuka, akakunja kiti, akakibana kwapani. Gari lake lilikuwa upande huu, buti limefunguliwa. Mlango wa stoo ulikuwa upande ule. Akasimama katikati.

Sikio aliona, akageuka asione. Aliichukua geji, akauacha mfuko wa kitambaa juu ya meza, akaitundika geji tupu msumarini, uso ukitazama nje.

"Mama," mzee aliita kutoka pale aliposimama. Alikuwa amekaza macho kuelekea ukutani, lakini ilikuwa mbali kwake. "Inasoma ngapi?"

"Sifuri, baba."

"Sifuri kamili?"

Sikio alisogea karibu zaidi na ukuta, akaitazama hasa, kana kwamba hajawahi kuitazama.

"Kamili," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Meneja alikuwa bado amesimama, kiti kwapani, akiitazama geji.